Waulize Kwanza Chuma Kinasema Nini

Mapendo wa Koko,

Sabuni iko kwenye kikapu, shuka iko chini yake, na namna ya kukaa kwa yule mama mjane wa Area 18 kule mjini unaijua, maana nimekulea mimi bibi yako. Hayo sitayasema. Ukikosa adabu kule tutamalizana ukirudi. Nimechoka, mwanangu. Nguvu niliyobaki nayo leo ni ya jambo moja tu.

Mkono unaoandika ni wa Shabani, fundi cherehani, jirani yetu mtu wa Kindu. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa mihogo. Tumekaa mbele ya mlango, jua bado lipo, wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kesho utapanda baiskeli ya kabaza mpaka barabarani, halafu minibasi ya Lumbadzi, halafu Kanengo kwenye maghala. Shabani ananiambia niseme polepole. Namwambia yeye aandike haraka. Anayapanga maneno yangu vizuri kuliko nilivyoyatoa, kwa hiyo ukikutana na "kadhalika" humu ndani, ujue hiyo ni yake.

Jambo lenyewe ni yale maneno uliyokuwa unajizoeza asubuhi. Ulisimama karibu na jiko, umeshika mwiko kama ndio kipaza sauti, ukasema kwa ile sauti yako mpya ya kazi: "Ndugu zetu wa kambi, siku ya moto gari letu lilifika upesi, lakini wakaaji walikataa kusaidia, wakakimbia." Kisha ukaniuliza, "Koko, iko muzuri?" Nikakwambia maharagwe yanaungua. Maharagwe hayakuwa yanaungua. Nilitaka ugeuke, nisikujibu huku ninauona uso wako.

Sasa nakujibu. Haiko muzuri.

Najua si maneno yako. Amekupa mkubwa wako wa kikosi cha zimamoto kule kwenye maghala. Na kazi yenyewe naijua, umenieleza mpaka nimeshika: kuwaambia watu habari za moto, wale wanaokaa kuzunguka maghala, wale wa Lumbadzi, na sisi wa kambi ya Dzaleka, kwa sababu wewe unasema Kiswahili, Kichewa na Kiingereza bila kutoka jasho. Jumamosi yako ya kwanza wanakuleta hapa hapa sokoni, juu ya gari jekundu, uwasemee watu wako. Sikwambii uiache kazi. Wangapi hapa wana kibali cha kufanya kazi mjini? Ile kazi tutaila wote, na mimi nitakuwa wa kwanza kunawa mikono.

Lakini siku ya moto wewe ulikuwa Lumbadzi unauza vitenge. Ulikuta majivu. Ngoja nikueleze nilichokiona mimi, maana wengine wote walinionyesha migongo.

Wale wazimamoto walikuwa wamekuja kabla, unakumbuka, wakati mahindi yamekauka shambani. Walishuka na kofia zao ngumu, wakatundika jante ya lori, kile chuma cha gurudumu, kwenye nguzo karibu na bomba la maji. Mkubwa wao akasema kwa Kichewa, mwalimu mmoja Mnyarwanda akageuza kwa Kiswahili cha kubahatisha: mkiona moto, pigeni hiki chuma, na kila mtu akisikia aje na maji. Mmeelewa? Tukaitika wote asante kwa Kichewa. "Zikomo! Zikomo kwambiri!" Tukapiga na makofi. Wewe ulikuwa pembeni yangu, ukaitika na wewe. Wakaondoka wamefurahi, wanajua watu wa Dzaleka wameelewa.

Mapendo, mtu wa sare akituuliza kama tumeelewa, sisi tunaitika. Tuliitika kwenye kila bariere, kila kizuizi cha askari, kutoka kwetu Fizi mpaka ziwani. Askari anasema maneno yake kwa Kilingala, hatushiki hata moja, anauliza, "Mumesikia?", tunasema, "Ndiyo, shefu." Ndivyo tulivyopona. Yule mzimamoto hakuna aliyemwambia kwamba sisi tunaitika tu. Alihesabu makofi yetu akadhani amefundisha.

Na kile chuma. Kwetu kilikuwa kinaning'inia kanisani, jante vilevile, ya lori vilevile. Zamani kilituita kwenye ibada na mikutano. Vita ilipofika, wazee wakakigeuza: kikilia, askari wanakuja, beba mtoto, ingia msituni, usiulize mtu. Habari ikapita nyumba kwa nyumba. Baba yako alikuwa ziwani siku zile na samaki wake. Aliporudi, kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia. Mimi nilidhani ni mke wake. Mama yako, Mungu amrehemu, alidhani ni mimi. Asubuhi moja kile chuma kikalia, sisi tukashika njia ya msitu, wewe umenishika kitenge, na yeye akavaa shati lake jeupe akaelekea kanisani. Mengine unayajua, tumeyalia pamoja humu ndani. Nataka tu ushike hili: baba yako hakufa kwa kutosikia. Alisikia vizuri sana.

Basi siku ya moto ilikuwa mchana, upepo umekasirika, watu wanasonga bugali. Cheche ikaruka kutoka jiko la nyuma ya nyumba ya Shabani ikakaa kwenye majani ya paa. Mlinzi wa mstari wetu wa nyumba, yule Mrundi mpole, alifanya kama alivyofundishwa. Alikimbilia jante akaipiga kwa moyo wake wote.

Ungeona! Watu wakatoka milangoni wote pamoja, na hakuna hata mmoja aliyetazama moshi. Walitazama mashamba. Mama Anyesi, wa mlango wa pili, alinipita na sufuria ya maharagwe kichwani, bado inachemka, na mgongoni amefunga mtoto ambaye si wake.

"Mama Anyesi! Unaenda wapi?"

"Banakuya, Koko! Banakuya!"

"Nani wanakuja?"

"Sijue! Kimbia!"

Mzee mmoja wa kanisa alibeba kuku wawili akamsahau mke wake. Mpaka leo mke anamwita Baba Kuku, na bugali anamwekea chembe kama za kuku.

Mimi miguu hii imeshakimbia yake yote. Nilibaki kwenye kigoda, nikasema, basi, leo waje wanikute nimekaa. Nikangoja. Hapo ndipo nikaona moshi, nikaona ni moto. Ni moto tu! Nilifurahi, Mapendo, Mungu anisamehe, nilifurahi kuona nyumba ya mtu inaungua.

Shabani alikuwa mlangoni kwake peke yake, anavuta cherehani, ile ya miguu, chuma chake kizito, inataka watu wawili. Anawaita watu kwa majina. "Baba Elia! Mama Anyesi! Bandugu, munisaidie!" Nao wanapita. Nikapiga kelele, "Rudini, ni moto!" Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi mbio. Kelele ya bibi kizee, na chuma kinalia, nani angesimama kusikiliza ni ya nini?

Basi nikasema uongo. Nikajaza kifua nikaita: "Maji imekuya! Bomba imefunguka!"

Unajua kambi hii inavyolisubiri neno hilo. Wanawake waligeuka palepale, kama mtu amewavuta kwa kitenge. Askari au si askari, bomba likifunguka hujui litafungwa saa ngapi. Walirudi na ndoo, na bido, yale madumu ya njano, na masufuria. Mama Anyesi alirudi na maharagwe yake. Bomba lilikuwa kavu kabisa. Nikanyoosha fimbo kuelekea moshi. Ndipo wakaona. Wakaingia nyumbani kwao, wakatoa yale maji ya akiba ambayo mtu hampi hata shemeji yake, wakamwaga. Mstari wetu ulipona. Nyumba ya Shabani haikupona, na cherehani haikupona.

Gari jekundu lilipofika tulikuwa tumekaa juu ya ndoo tulizozigeuza, tunapangusa masizi. Likaja linalia ile sirene yake, na nusu ya watu wakaingia tena kwenye mahindi. Mzimamoto mmoja kijana akaruka chini akaniuliza, "Agogo, anthu ali kuti?" Watu wako wapi? Nikamwambia, wamewakimbia ninyi. Alikaa chini karibu yangu, nikampa maji kwenye kikombe changu. Alisema walipigiwa simu kwa kuchelewa, gari ni moja, njia ni ndefu. Alikuwa amechoka kuliko mimi. Si watu wabaya. Waseme hivyo basi! Gari ni moja, njia ni ndefu. Aibu iko wapi hapo?

Sasa nikueleze ule uongo wangu ulivyonilipa. Nyumba ziliokoka, sawa. Kisha siku nyingine bomba likafunguka kweli, na mimi ndiye niliye karibu. Nikaita kama siku ile. Mama Anyesi akatoa kichwa mlangoni: "Koko, ni maji ya kunywa ao ya kuzimisha?" Mstari mzima ukacheka. Hakuna aliyetoka. Walipokuja kuona kwamba ni kweli, limefungwa, na watoto wa Mama Anyesi wakalala na kiu. Tangu hapo nikisema kitu chochote, hata kwamba kumekucha, mtu anatoka kwanza kuhakikisha. Mimi nilidanganya ili watu wapone, na bado sauti yangu imekwisha. Wewe utakuwa umedanganya ili gari lionekane limewahi. Siku gari likiwahi kweli, nani atakuamini?

Lakini hilo bado ni dogo. Kubwa ni hili la huyu anayeandika.

Baada ya moto Shabani alikuwa ananipita bila salamu. Yeye na ndugu zake wote wa Maniema, upande wa Kindu. Walikuwa wanasema, na kusema kweli mimi pia ningesema: Shabani angekuwa wa kanisa lao, hawa wa Fizi wangesimama. Kwenye bomba wakaanza kuweka ndoo zao mstari wao peke yao. Watoto wakaanza kurushiana mawe, halafu wakarushia lile gari jekundu liliporudi kutazama hasara. Nikasema hapana, nikachukua fimbo nikaenda kwake.

"Shabani, hukuachwa."

"Mama, niliita bantu kwa majina. Baliniangalia machoni."

"Walikuwa wanaangalia askari."

"Askari gani? Kulikuwa askari?"

"Wa Fizi. Wale wa kwenye chuma."

Alidhani nimezeeka mpaka akili imehama. Nikamweleza yote, kanisa, wazee, msitu. Akashika kichwa. Kisha akasema, "Mama, kwetu Kindu ile chuma ilikuwa ya kuita batoto kwenye masomo. Ikilia, bantu banakuya. Mi nilipoisikia siku ile nilisema moyoni, basi, sasa nitasaidiwa." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu yake mwenyewe, na mimi nikacheka, tukawa tunatazamana kama wajinga wawili. Kisha akauliza, "Na bandugu yangu, nani atabaambia?"

Tumeanza kuwaambia, mimi na yeye, mlango kwa mlango. Wengine wameshika. Wengine wanasema Shabani amelogwa, bibi wa Fizi amempa bugali. Ndoo bado ziko mistari miwili, umeziona mwenyewe. Sasa Jumamosi wasikie kutoka juu ya gari, kwa Kiswahili safi, kwa mdomo wa mjukuu wangu, kwamba walikataa kusaidia? Kukataa! Hilo neno likishatoka kwenye kipaza sauti, mimi na Shabani tutalifuta kwa nini? Hatutaweza tena. Na moto mwingine utakuja, maana paa ni majani na upepo hauna habari na vita yetu. Utakuja, na kila mtu atakaa mlangoni kwake anatazama nyumba ya mwenzake.

Hapa Shabani ameacha kuandika. Anasema, "Mama, hii ya bandugu yangu tuiache." Namwambia aandike, la sivyo nitamwita Mama Anyesi aje aandike yeye, naye hajui hata herufi moja. Ameandika. Ananuna, lakini ameandika.

Wewe unajua kwa nini watu walikimbia. Unajua kuliko mkubwa wako. Ndiyo maana asubuhi ulikuwa unauambia mwiko, hukunitazama mimi.

Nakukumbuka kwenye ile bariere ya mwisho kabla ya ziwa. Ulikuwa mtoto bado, magoti yamekwaruzika. Askari akaweka mkono kwenye kikapu changu akauliza kuna nini humo. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nilikuwa niseme ni nguo za mchungaji, tunampelekea, yote yakapotea. Wewe ukasema, "Ni nguo za baba. Amekufa juzi." Hukulia, hukubembeleza, ulisema tu. Yule kijana aliondoa mkono kwenye kikapu kana kwamba kina moto. Tangu siku ile nilijua nani ni mdomo wa nyumba hii. Sikukutuma shule ya jioni ya Kiingereza ili huo mdomo wakuwekee maneno wengine.

Utasema, Koko, atanifukuza. Labda. Wakubwa wa mjini siwajui, najua wa bariere tu, na wa bariere ukimpinga mbele ya wenzake umekwisha. Kwa hiyo usimpinge mbele ya watu. Mtafute pembeni kabla ya Jumamosi, akiwa ameshakula. Mwambie kwa heshima kwamba ukisema haya, gari lake litapigwa mawe tena na safari hii hata watu wazima wataokota. Muulize anataka kusifiwa ao anataka watu waje na maji. Kiweke kwa Kiingereza kizuri, mimi sijui kinasemwaje. Na umsikilize pia. Huenda hata yeye kuna mkubwa wake aliyempa hayo maneno.

Akikataa kabisa, hapo sina la kukufundisha. Mimi nimekimbia kila mara nilipoweza kukimbia, na sina haki ya kumwambia mtu asimame. Utaamua wewe. Mlango huu ni wako ukija na kazi na ukija bila kazi. Utakuta bugali, na utakuta nakugombeza, vyote viwili kama kawaida.

Lakini akikubali, hata nusu, fanya hivi. Waombe wazime sirene kule kule barabarani, gari liingie kimya. Ukipanda juu, usianze kueleza. Onyesha kile chuma kwenye nguzo, uwaulize: "Kwenu, hiki kilikuwa kinasema nini?" Kisha nyamaza. Watu nao watanyamaza, maana wanaona gari na sare na kipaza sauti, watakuwa wanatafuta pa kuitikia. Usiwape pa kuitikia. Ngoja, hata kama jua linakuchoma na mkubwa wako anakukonyeza umalize.

Nitajibu mimi wa kwanza. Nitasema habari ya baba yako na shati lake, pale sokoni mbele ya wote, ambayo sijapata kuisema nje ya nyumba hii. Shabani anasema wa pili atakuwa yeye. Anasema sasa hivi, nimemsikia, kwa hiyo na hilo aliandike, asije akalikana.

Baada ya hapo mtajua wenyewe pa kupeleka ile jante, mkaishushe, mkaipake rangi, mkaitafutie kazi nyingine. Mimi nitakuwa nimechoka, nitaketi.

Nitakuja mapema, na ndoo yangu. Nitaiweka kati ya ile mistari miwili. Ukisikia mtu nyuma anapaza sauti, "Koko, ni maji ya kunywa ao ya kuzimisha?", ni Mama Anyesi, usimkasirikie na usimjibu. Ndoo itakuwa imejaa kweli. Mwache aje mwenyewe achungulie.

Mimi,
Koko wako